Kufunga nusu keji kwenye Starlet: gari moja, kazini na kwenye vumbi

Egesha Starlet yenye mabomba ndani pale soko la Kilombero, Arusha, nenda kanunue nyanya zako, rudi. Utakuta chalii ameshabandika viganja viwili kwenye kioo cha nyuma anachungulia. "Mzee, hii ya rally?" Yangu si ya rally. Jumatatu hadi Ijumaa inanipeleka kazini Njiro, na Jumapili chache kwa mwaka naipeleka ikale vumbi kwenye autokrosi, yaani mashindano ya magari ya uwanjani. Mwongozo huu ni wa gari la namna hiyo, lenye maisha mawili, na ugumu wake wote unaanzia hapo: kinachokulinda uwanjani kinaweza kukuua barabarani.

Keji, yaani kizimba cha mabomba ya chuma kinachofungwa ndani ya gari ili lisikubonde likipinduka, hutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa helmeti, aliyekaa kwenye kiti kisichokunjika, aliyebanwa mabega na nyonga kwa mikanda ya mashindano. Kichwa cha mtu huyo hakisafiri mbali, na kikisafiri kina ganda. Wewe ukishuka barabara ya Sokoine asubuhi huna helmeti. Una mkanda wa kawaida unaokuachia kiwiliwili kwenda mbele na pembeni. Daladala ikikugonga ubavuni, kichwa kinaruka kutafuta cha kugonga. Kwenye gari la kawaida kinakutana na plastiki na kitambaa. Kwenye gari lenye keji kamili kinakutana na bomba la chuma lililopita juu ya mlango, sentimita chache kutoka sikioni.

Kwa hiyo naliweka wazi mapema: gari la kutembelea kila siku lisifungwe keji kamili. Lifungwe nusu keji, yaani upinde mmoja nyuma ya viti vya mbele, mihimili miwili inayoteremka kwenda nyuma, bomba moja la mshazari na bomba la kufungia mikanda. Mbele na ubavuni mwa kichwa chako panabaki patupu. Nusu keji haitakuingiza kwenye rally ya kweli, ambako keji kamili na mabomba ya milangoni ni lazima, lakini gari likilala paa chini, paa halitakukalia. Mwenye ndoto ya rally atafute gari la pili, alivue kila kitu ndani, alibebe kwa trela.

Jambo jingine likubali kabla hujatoa hata shilingi: kiti cha nyuma kinaondoka. Mtu akikaa nyuma ya upinde, bomba liko usawa wa paji la uso wake na mihimili iko kando ya masikio yake. Watoto ndio kabisa. Kama hilo gari ndilo la kupeleka watoto shule, acha kusoma hapa, uza wazo.

Makaratasi kwanza

Kanuni mama ya keji duniani ni Nyongeza J ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kifungu cha 253. Vipimo karibu vyote nitakavyotaja vinatoka humo. Hapa kwetu anayeiwakilisha FIA ni AAT (Automobile Association of Tanzania), na shindano lolote lenye ukaguzi wa magari litakuwa na masharti yake ya kuongezea. Waulize waandaaji kabla ya kununua bomba, maana mkaguzi akikukatalia asubuhi ya shindano hakuna grenda itakayokuokoa.

Upande wa barabara, kumbuka kwamba kadi ya gari imeandikwa idadi ya viti. Ukitoa kiti cha nyuma umelibadilisha gari, na trafiki anayejua kazi yake atauliza. Pita kwa wakaguzi wa magari wa polisi, waeleze unachotaka kufanya, ulizia namna ya kurekebisha kumbukumbu. Mwenye bima kubwa aiambie kampuni yake kwa maandishi. Bima hupenda sana kugundua mabadiliko baada ya ajali.

Bomba

Hapa ndipo watu wengi huanguka kabla ya kuanza. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka bomba la inchi moja na nusu, utapewa bomba la maji. Kwa nje lina milimita 48 na kidogo, limepakwa zinki, na ndani lina mshono kutoka juu hadi chini. Linavutia kwa bei. Usilichukue. Mshono ndiko linakopasukia likikunjwa, na ile zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa kali usiku huo huo, kutetemeka kama mtu wa malaria.

Unachotaka ni bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa kikiwa baridi, lenye nguvu ya mvuto isiyopungua 350 kwa kipimo cha megapaskali. Upinde mkuu uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au milimita 50 kwa unene wa 2. Mengine yote, milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Kuna mtu atakwambia chukua chuma kigumu zaidi ndicho salama zaidi. Chuma kigumu kupita kiasi hakikunjiki, kinapasuka. Keji nzuri hupinda polepole na kula nguvu ya kishindo.

Kwa Starlet ya milango mitatu, upinde unakula kama mita tatu na nusu. Mihimili miwili, mshazari na bomba la mikanda kwa pamoja ni kama mita tano. Mabomba huuzwa kwa mita 6, hivyo unahitaji moja nene na moja la kawaida, na vipande vinavyobaki usivitupe, vina kazi yake. Uzito wa yote na mabamba yake unacheza kwenye kilo 20 na ushee, sawa na ndoo ya maji iliyojaa pomoni.

Bomba la namna hii halijai madukani Arusha wala Moshi. Anayeuza vifaa vya hydroliki na boila ndiye wa kumuuliza, na mara nyingi ataagiza kutoka Dar au Nairobi kupitia Namanga. Likifika, fanya mambo mawili kabla ya kulipa. Dai cheti cha kiwanda chenye kipimo cha nguvu. Kisha ingiza kidole mdomoni mwa bomba na ukizungushe taratibu ukutani: bomba la mshono lina kamstari kalikoinuka, utakahisi kwenye ncha ya kidole kama ukingo wa sarafu. Nje wanausawazisha usionekane, ndani mara nyingi hawahangaiki. Unene pima kwa vernia, kile kipimo chenye taya, sehemu tatu tofauti.

Bolti nazo zina lugha yake. Unataka M8, na kichwani iwe imegongwa 8.8. Isiyo na maandishi kichwani ni ya kufungia mabati, irudishe.

Kulivua gari

Toa viti vyote, kapeti, plastiki za nguzo ya kati na za buti, kitambaa cha dari kama kinatoka bila kuraruka. Toa betri. Chomoa kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, na uitoe nje kabisa ya gari, usiiache inaning'inia. Kisha lala chini ya gari na tochi, ujue mabomba ya breki na ya petroli yanapita wapi. Katika magari madogo mengi tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma, si mbali na mahali mihimili itakapokanyaga. Lishushe tangi, lipeleke mbali. Najua ni kazi ya nusu siku na fundi atasema "tutalifunika na gunia lenye maji." Mwambie asante, lishushe.

Vioo vifunike na blanketi zito. Cheche za grenda huchimba vishimo vidogo vidogo kwenye kioo, hutaviona leo, utaviona jua la jioni likikupiga usoni ukirudi kutoka Kisongo.

Sasa kwangua rangi na ile dawa nyeusi ya chini pale kizingiti cha mlango kinapokutana na sakafu, usawa wa nguzo ya kati, pande zote mbili, na juu ya matao ya tairi za nyuma karibu na shokapu zinapofungwa. Gonga kwa kichwa cha nyundo ndogo ukisikiliza. Bati zima linalia, bati lililoliwa na kutu linasema "tup". Likisema tup, umejenga keji yako juu ya biskuti. Kata sehemu hiyo, weka bati jipya, ndipo uendelee.

Kupima na kukunja

Weka kiti cha dereva kwanza, kile kile utakachotumia, kwenye reli zake, na ukae wewe mwenyewe ukiwa umevaa helmeti. Upinde unapita nyuma ya mgongo wa kiti kwenye nafasi unayoendeshea, karibu na nguzo ya kati kadiri inavyowezekana, na usiegemee zaidi ya nyuzi 10 kutoka wima. Kati yake na paa pabaki pa kupitisha vidole viwili.

Usimpe mkunjaji vipimo vya mdomo. Chukua nondo ya milimita 6, ikunje kwa mkono na kwa goti ndani ya gari mpaka ifuate ukuta wa kulia, paa, na ukuta wa kushoto. Itoe, iweke kwenye sakafu ya saruji, chora umbo lake kwa chaki. Linganisha kulia na kushoto. Magari yetu mengi yameshagongwa huko Japani au hapa, na upande mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita moja usishangae. Tengeneza upinde wa gari lako, usitengeneze wa gari la kwenye karatasi.

Upinde lazima uwe bomba moja, bila kiungo, na ukunjwe baridi. Ile njia ya wazee ya kujaza mchanga na kupasha moto mpaka uwe mwekundu inafaa kwa kitanda. Kwenye keji inaua chuma pale pale unapokihitaji. Mashine ya kukunjia mabomba ya maji nayo ina mtego: vikombe vyake, yaani vile vyuma vinavyolikumbatia bomba likikunjwa, vimetengenezwa kwa kipenyo cha bomba la maji, bomba la 45 likikaa humo linacheza, na likikunjwa linabonyea. Tafuta mwenye kikombe cha saizi yako. Mkunjo wake, ukipimwa kwenye mstari wa kati wa bomba, uwe na nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa 45, hiyo ni milimita 135.

Ukiletewa upinde, shika vernia upime kila kona kwa njia mbili, upana na wembamba. Gawanya wembamba kwa upana. Jibu lisishuke chini ya 0.9. Ukipata 43 kwa 47, pokea. Ukipata 42 kwa 48, ni 0.87, mkatalie hata kama ni shemeji yako.

Nyayo

Keji yangu ya kwanza niliijengesha kwa bomba zuri, chuma halali, mikunjo safi. Fundi wa gereji moja alichomelea miguu ya upinde kwenye vibamba vidogo kama sanduku la kiberiti, na vibamba moja kwa moja kwenye sakafu. Nilifurahi nayo kwa miezi minne. Siku moja uwanjani nikapanda tuta la kona kwa tairi mbili, gari likalala ubavu halafu likalala paa, taratibu kabisa, kama mtu anayegeuka kitandani. Niliponing'inia kwenye mikanda nikaona paa limefika usawa wa kichwa cha kiti cha abiria. Tuliposimamisha gari tukakuta bomba zima, halijapinda hata uzi. Lilichofanya ni kuzama kwenye sakafu kama kisigino cha kiatu cha harusi kwenye tope la masika.

Sakafu ya gari dogo ni bati lisilofika milimita moja. Uzito wote wa gari unaanguka juu ya mguu mmoja wa upinde. Ndiyo maana nikikagua keji ya mtu siangalii juu, nainama kwanza.

Kila mguu wa upinde unahitaji bamba la bodi, unene wa milimita 3 au zaidi, eneo lisilopungua sentimita za mraba 120. Kwa kipimo cha mfukoni, ni zaidi kidogo ya kadi mbili na nusu za benki. Usilikate mraba ukalilaza sakafuni peke yake. Likunje lipande kwenye kizingiti, sehemu moja ikilala kwenye sakafu na nyingine ikisimama kwenye ukuta wa kizingiti. Kizingiti ni boksi, ndicho chuma kigumu kuliko vyote pale chini, na bamba likikishika kishindo kinagawanyika pande mbili badala ya kutoboa sakafu. Pembe za bamba zizungushe kwa tupa; pembe kali hukata bati lililo chini yake kadiri gari linavyotikisika. Lichomelee kuzunguka lote.

Juu ya bamba hilo ndipo unakaa unyayo wa upinde: bamba jingine la milimita 3 lililochomelewa kwenye bomba, lenye bolti tatu za M8 zinazopita mabamba yote mawili na sakafu. Bolti zipange ziuzunguke mguu wa bomba, usizipange upande mmoja zote. Mihimili ya nyuma inaridhika na kidogo, bamba la bodi la sentimita za mraba 60 na bolti mbili, lakini chuma bado ni kile kile cha milimita 3.

Sasa, siri ya kazi yenyewe, ambayo ilinichukua keji mbili kuielewa. Kiungo cha mhimili na upinde kiko juu kabisa, chini ya paa. Kinatakiwa kichomelewe kuzunguka chote, na juu hapaingii hata kidole cha tatu, seuze mkono wenye bunduki ya kuchomelea. Mafundi wengi huchomelea chini na pembeni, juu wanaacha, na wanapaka rangi nyeusi nzito. Fanya hivi: usiuketishe unyayo moja kwa moja juu ya bamba la bodi. Tengeneza kisanduku cha bamba la milimita 3, kimo cha sentimita 5, kitakachokaa katikati ya bamba la bodi na unyayo. Panga keji yote ikiwa juu ya visanduku, ikiwa karibu na paa, na ushikize viungo kwa nukta za kuchomelea. Kisha toa visanduku. Upinde unashuka, unauvuta mbele kidogo ili mihimili iachane na matao ya tairi, na ghafla una nafasi ya kuingiza bunduki juu ya kiungo na kuzunguka mpaka ulikoanzia. Ukimaliza unainua keji, unarudisha visanduku, unavichomelea kwenye mabamba ya bodi na kufunga bolti. Hicho kisanduku nacho kikikaa ubavuni mwa kizingiti kichomelewe nacho, usikiache kinasimama peke yake.

Kuchomelea

Arusha hatuna shida ya mafundi. Mji huu unakata Land Cruiser vipande viwili, unairefusha, unainua paa lake watalii wasimame waone simba, na unaipeleka Serengeti kwenye barabara inayotikisa meno. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa mashine ya waya na gesi (MIG) na gari halirudi na nyufa ndiye wa kumtafuta, Unga Limited hawakosekani. Anayekwambia "mimi nimechomelea mageti yote ya Sakina" mshukuru. Geti likiachia, unapiga simu.

Hata huyo wa Land Cruiser mpe mtihani. Chukua vile vipande vya bomba vilivyobaki, mwambie aunganishe viwili kama herufi T. Kibane kwenye jiriwa, chukua nyundo ya kilo mbili, kipige kwa ubavu mpaka kilale. Bomba likipinda na weldi ikabaki, umepata fundi. Weldi ikibanduka na kuacha alama ya duara safi kwenye bomba, moto haukuingia, ulikaa juu kama siagi kwenye mkate baridi. Mara nyingi tatizo ni umeme kuwa mdogo au waya kwenda haraka, na akirekebisha anaweza kufaulu mara ya pili. Mpe hiyo mara ya pili.

Kila bomba linalokutana na jingine likatwe mdomo wa samaki ili likumbatie mwenzake. Zungushia karatasi, chora, kata, paka chaki, jaribu, piga tupa, jaribu tena. Mwanya ukizidi milimita moja na nusu, kata bomba jipya. Kujaza mwanya kwa weldi ni kujidanganya kwa gharama.

Mshazari unaanzia juu upande wa dereva, ambao kwetu ni kulia, na kuishia chini kushoto. Uwe bomba moja zima. Bomba la mikanda ndilo linalokatwa vipande viwili linapokutana nao. Mihimili ya nyuma iwe imenyooka bila mkunjo, ifuate kuta za gari, na ilale angalau nyuzi 30 kutoka wima. Ukiisimamisha zaidi ya hapo inabeba paa lakini haizuii upinde kulala nyuma.

Wakati wa kushikiza, gari liwe limesimama kwenye matairi yake yote, mahali tambarare. Ukiliinua kona moja kwa jeki, bodi inajipinda kidogo, unaichomelea ikiwa imejipinda, na tangu siku hiyo mlango wa kulia haufungi bila kubamizwa. Choma kwa kuruka: kulia juu, kushoto chini, kulia chini, kushoto juu. Waya wa ardhi wa mashine ubane karibu na unapochoma, kwenye chuma kilichokwanguliwa. Awepo mtu mmoja nje ambaye kazi yake ni kuangalia upande wa pili wa bati na ndoo na kizima moto, maana kinachowaka huwa hakiko mbele ya macho ya fundi. Mtu huyo asiwe anachati.

Weldi ikishapoa usiisage kwa grenda ili ipendeze. Brashi ya waya, praima, rangi. Nje chini ya gari mabamba yapate praima na dawa nyeusi kabla ya mvua za Machi, na pulizia dawa ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti ulikochoma, maana joto limeunguza rangi ya kiwandani kwa ndani.

Sponji, kiti, mikanda

Ile sponji nyeusi laini ya mabomba ya kiyoyozi, inayouzwa rahisi kila duka, ni pambo. Ibonyeze kwa kidole gumba: inafika chumani bila kukuzuia. Ya keji ni ngumu, ukiigonga na kifundo cha kidole inajibu kama mbao laini, na ina alama ya FIA 8857-2001. Weka kila sehemu ambayo helmeti yako inaweza kufika, na kwa gari la barabarani weka hata pale ambapo kichwa kitupu kinaweza kufika kiti kikilala nyuma. Kaa, funga mkanda, mwambie mwenzako akusukume kichwa taratibu kila upande. Kinapogusa, weka.

Mkanda wa kiwandani unabaki. Hakikisha upinde hauukati njia yake kutoka nguzo ya kati na hauushiki unaporudi. Huo ndio wa kila siku, kwa sababu mikanda ya mashindano haikuruhusu kuinama kuona bodaboda anayekuja ubavuni pale Sanawari. Kwenye Vitz na magari mengine mapya zaidi, angalia pia kama kuna airbag za pazia juu ya milango, mabomba yasizizibe.

Mikanda ya mashindano inafungwa kwenye bomba la mikanda, ambalo liko usawa wa matundu ya mabega ya kiti au chini kidogo. Kutoka ukingo wa kiti kwenda nyuma, mkanda uteremke si zaidi ya nyuzi 10 kama unaweza, na kamwe usizidi 45. Ukiteremka mno, siku ya kishindo unakubana uti wa mgongo kutoka juu kwenda chini. Na mikanda hiyo inataka kiti cha ganda kisichokunjika. Kiti cha kulalia kikivunjika mgongo, mikanda inalegea yote kwa pamoja.

Wiki ya kwanza

Rudisha tangi, kagua mabomba ya breki, rudisha kontrolboksi, betri mwisho. Bolti za M8 kaza kwa ranchi ya kipimo hadi nyutoni mita 25. Kisha endesha kwenye barabara mbaya bila redio. Mimi hutumia njia za vumbi za Moshono. Mlio wa "kii-kii" juu ya kichwa ni bomba linalogusa bati la paa au plastiki ya nguzo, dawa yake ni sponji nyembamba. Mlio wa "tak" mmoja kila ukikata kona ni bolti au kiungo, na hapo unasimama.

Kila nati ikishakazwa, chora mstari kwa rangi ya kucha kuanzia kwenye nati hadi kwenye bamba. Niliiazima nyekundu ya mama watoto, haijarudi. Baada ya wiki moja, na asubuhi baada ya kila shindano, inama na tochi utazame nyayo zote nne. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukivunjika katikati, kaza, futa, chora upya, na uangalie ule ule tena kesho yake.

Bomba likipinda kwenye ajali halinyooshwi. Linakatwa, linanunuliwa jingine.